Hakuna Anayerudishwa Jana: Maoni Juu ya Mwisho wa Hadithi ya "Tokyo Revengers"

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyeuumba usiku na mchana na akaufanya wakati kuwa mtihani kwa waja wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, sahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Huenda mzazi aliyefungua ukurasa huu akajiuliza: tangu lini jarida la madrasa likaandika habari za katuni za Kijapani? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake ni jepesi. Watoto wetu wanazisoma na wanazitazama, na simu imeziingiza nyumbani bila kubisha hodi. Sisi tukinyamaza, mtoto atazungumza na wenzake tu, na yale aliyoyaona hayatapata mtu mzima wa kuyapima. Lipo jambo moja katika hadithi hizo, nalo ni kurudi nyuma katika wakati, ambalo dini yetu imelizungumza kwa uwazi mkubwa. Kwa hiyo tulizungumze.

HADITHI YENYEWE

"Tokyo Revengers" iliandikwa na kuchorwa na Ken Wakui. Ilianza kutoka mwezi wa Machi 2017 katika jarida la Kijapani la Weekly Shonen Magazine, linalochapishwa na shirika la Kodansha, na ikamalizika Novemba 2022 ikiwa na sura 278, zilizokusanywa katika vitabu 31. Mwaka 2020 ilipata tuzo ya Kodansha kwa upande wa hadithi za wavulana. Mwaka 2021 ikatengenezewa katuni za televisheni na filamu ya waigizaji, na hapo ndipo ilipoenea duniani na kuwafikia vijana wetu.

Mhusika wake mkuu ni Takemichi Hanagaki, kijana wa miaka 26 ambaye maisha yamemshinda. Kazi yake ni ya kubahatisha, chumba chake ni kichafu, na kila mdogo kwake kazini anamdharau. Siku moja mwaka 2017 anasikia katika taarifa ya habari kwamba Hinata Tachibana, msichana aliyempenda tangu shuleni, ameuawa pamoja na mdogo wake katika ugomvi wa genge la wahalifu. Baadaye anasukumwa kwenye reli ya treni, na badala ya kufa anajikuta amerudi mwaka 2005, miaka kumi na miwili nyuma, akiwa mwanafunzi tena. Anagundua kwamba akishikana mkono na mdogo wake Hinata, anaweza kwenda na kurudi baina ya nyakati hizo mbili. Basi anaazimia kuingia katika genge lile lingali la vijana wa shule, alibadilishe kutoka ndani, na amuokoe yule aliyeuawa.

Sura baada ya sura kijana huyu anajaribu na kushindwa. Anamuokoa mmoja, anakufa mwingine. Akirudi kwenye wakati wake anakuta mambo yamebadilika, na mara nyingine yamekuwa mabaya kuliko mwanzo. Hana nguvu wala ujuzi wa kupigana, na machozi yako karibu. Alichonacho ni kwamba akiangushwa huinuka. Hiyo ndiyo sifa iliyowafanya vijana wengi kumpenda, na si sifa mbaya.

MWISHO ULIOLETA MANUNG'UNIKO

Kwa wasioijua, mwisho ni huu. Katika pambano la mwisho mambo yanaharibika kabisa. Takemichi na Manjiro Sano, mkuu wa genge anayejulikana kwa jina la Mikey, wanarudi nyuma kwa pamoja, safari hii mpaka utotoni, wakiwa wadogo wa shule ya msingi. Kuanzia hapo wanaishi upya. Wote waliokufa katika vitabu vile 31 hawafi tena. Hata Kisaki, aliyekuwa adui mkubwa na chanzo cha mauti mengi, anafanywa rafiki mapema na uadui wake hauzaliwi. Hadithi inafungwa kwa harusi ya Takemichi na Hinata, na wote wamehudhuria wakiwa wazima.

Wasomaji waligawanyika. Wako waliofurahi, wakisema: tumeumia na vijana hawa kwa miaka mitano na zaidi, tumewaona wakizikana, basi wacha wapumzike. Hoja yao ina huruma ndani yake, na huruma haidharauliwi. Wako waliokasirika, wakasema mwandishi amewadanganya: tangu mwanzo alishika kanuni ya miaka kumi na miwili, kisha mwishoni akaivunja, na mambo yaliyohitaji vitabu kadhaa akayamaliza katika kurasa chache. Wako pia walio katikati, wanaosema safari ilikuwa nzuri, ila nyumba waliyofikishwa siyo waliyoahidiwa.

Mimi nasema waliokasirika wana haki, lakini sababu ni kubwa zaidi ya kanuni iliyovunjwa. Angalieni mfano mmoja. Katika hadithi hiyo yumo kijana aitwaye Baji. Anachomwa kisu na rafiki yake Kazutora, naye ili rafiki yule asibebe damu yake, anajimalizia mwenyewe. Kitendo hicho kwetu Waislamu ni haramu, wala hatukisifu. Lakini msomaji anaelewa kwamba hapo pametolewa gharama: mmoja amekufa, na mwingine ataishi miaka yote akijua kwa nini. Kisha mwisho unakuja na kusema: hayo hayakutokea. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeua, hakuna wa kuombwa radhi wala wa kuomba. Machozi ya msomaji yamefutwa pamoja na sababu yake.

Ndiyo maana moyo unakataa. Mwenyezi Mungu amemuumba mwanadamu juu ya maumbile ya asili yanayojua kwamba kitendo kina uzito. Mtoto mdogo akivunjiwa mchezo wake hatosheki kuambiwa "tujifanye haukuvunjika". Anataka aliyevunja akiri, na kama kuna wa kutengeneza, atengeneze. Kijana aliyefunga kitabu cha 31 akahisi amepunjwa, na asijue amepunjwa nini, jawabu lake ni hilo: amepunjwa hesabu. Na hisia ile ya kudai hesabu ni ushahidi kwamba ndani yake mna kitu kizima.

MWISHO WA NAMNA NYINGINE

Si kila mwandishi wa Kijapani aliichukua njia hiyo. Kati ya mwaka 1972 na 1974, Kazuo Umezu, aliyefariki mwaka 2024, aliandika hadithi iliyokuja kujulikana kwa Kiingereza kama "The Drifting Classroom". Humo shule nzima ya msingi, pamoja na walimu na wanafunzi, inatoweka na kutupwa katika dunia ya wakati ujao iliyokwisha haribika, isiyo na maji wala mimea. Mwanafunzi mkuu, Sho, alikuwa ametoka nyumbani asubuhi ile baada ya kugombana na mama yake kwa maneno makali. Hakupata nafasi ya kumuomba radhi.

Hadithi hiyo inatisha, na siwapendekezei watoto wadogo. Lakini mwisho wake ni wa kweli zaidi. Wanafunzi hawarudi nyumbani. Ni mtoto mmoja mdogo tu anayerudishwa, na waliobaki wanakubali kwamba hapo walipo ndipo mahali pao pa kazi. Wako wasomaji walioumizwa na mwisho huo pia. Hata hivyo hakuna aliyefutiwa chochote: neno lililotamkwa asubuhi ile lilibaki limetamkwa, na mapenzi ya mama na mwana ikabidi yatafute njia nyingine ya kufikishana.

DINI YETU INASEMAJE?

Ndugu zangu vijana, hamu ya kurudi nyuma haikuanzia Japani. Qur'ani Tukufu imetueleza katika Suratul Mu'minun habari ya mtu aliyefikwa na mauti akiwa mwovu. Anamuomba Mola wake arudishwe, ili akafanye mema katika yale aliyoyaacha. Jawabu analopewa ni kukataliwa, na mbele yake kuna kizuizi mpaka siku ya kufufuliwa. Hayo ndiyo maombi ya Takemichi hasa, ila yeye mwandishi alimkubalia.

Naye Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, alituhimiza tupupie yenye manufaa na tumtake msaada Allah. Akatukataza, tunapofikwa na jambo, kusema "lau ningefanya kadha, ingekuwa kadha", kwa kuwa neno hilo "lau" huifungua kazi ya shetani. Wengine hudhani makatazo hayo ni ya ukali. Bali ni rehema. Mwenye kukaa na "lau" hulala na kuamka katika jana, na leo yake inapita bila kutumiwa. Wahenga wetu waliona vivyo hivyo waliposema maji yakimwagika hayazoleki.

Je, maana yake Uislamu hauna nafasi ya pili? Hasha! Unayo, na ni pana kuliko ya katuni yoyote. Nawakumbusheni kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim, cha mtu wa kaumu zilizotangulia aliyeua watu tisini na tisa. Alimwendea mtawa akamuuliza kama anaweza kutubu, yule akamwambia haiwezekani, naye akamuua akatimiza mia. Kisha akaelekezwa kwa mtu mwenye elimu, ambaye alimwambia hakuna kinachomzuia na toba, lakini auache mji wake, kwani ni mji mbaya, aende kwenye mji wa watu wanaomuabudu Allah. Akaondoka. Njiani mauti yakamkuta. Malaika wa rehema na malaika wa adhabu wakashindana juu yake, ukapimwa umbali baina ya miji miwili, akakutwa yuko karibu zaidi na ule aliokuwa akiuendea, kwa kiasi cha shubiri. Basi akachukuliwa na malaika wa rehema.

Linganisheni mwisho huu na ule wa Tokyo Revengers. Wote wawili ni mwisho wa rehema. Lakini katika kisa hiki hakuna hata mmoja katika wale mia aliyefufuka. Muuaji hakurudishwa siku moja kabla hajaua. Aliambiwa atembee, na akatembea kwenda mbele, akiacha nyumba yake, rafiki zake na alichokizoea. Hiyo ndiyo gharama yake. Shubiri ile moja ilitokana na miguu yake mwenyewe, kwa tawfiki ya Mola wake.

Najua kijana mwerevu atauliza: na wale waliouawa je, haki yao iko wapi? Swali zuri. Wanazuoni wamesema kwamba mwenye toba ya kweli, akashindwa kabisa kulipa haki za waja, Allah anaweza kuwaridhisha wenye haki kwa fadhila zake Siku ya Kiyama. Maana yake haki haifutiki, lazima ilipwe. Kwa ajili hiyo Imam Nawawi na wengineo wametufundisha kwamba masharti ya toba ni kuiacha dhambi, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Na ikiwa dhambi inahusu haki ya mtu, kuna sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kumuomba akusamehe. Na Mtume (S.A.W.) ametutajia muflisi wa kweli kuwa ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka zake, lakini alimtukana huyu, akala mali ya yule, akampiga mwingine, basi mema yake yatagawiwa kwao mpaka yaishe.

Sharti hilo la nne ndilo lililokosekana katika harusi ile ya mwisho. Watu wamekaa pamoja wakicheka, na hakuna hata mmoja aliyesema "nisamehe", kwa sababu hakuna aliyebakiwa na kitu cha kusamehewa. Urafiki wa namna hiyo ni mtamu kuutazama. Katika mitaa yetu haupo.

YANATUHUSU VIPI?

Miongoni mwa wanaosoma jarida hili wapo waliofanya vibaya katika mtihani na wanaona mlango umefungwa. Wapo waliomjibu mama neno ambalo wangependa kulimeza. Wapo waliofuatana na kundi la mtaani, wakavuta walichovuta au wakachukua kisicho chao. Vijana kama hao wana hatari mbili. Ya kwanza ni kuota kwamba siku moja kila kitu kitafutika chenyewe, basi hawafanyi lolote. Ya pili ni kukata tamaa na kusema, "Mimi nimeshaharibika, acha niendelee." Shetani anaridhika na yoyote katika hizo.

Dawa ni kujua kwamba hatupewi jana, lakini tunapewa leo. Suratuz Zumar inatufundisha kwamba Allah huzichukua roho wakati wa mauti, na zile zisizokufa huzichukua katika usingizi. Kisha huizuia aliyoihukumia mauti na kuirudisha nyingine mpaka muda wake uliowekwa. Basi kila alfajiri unayoamka, wewe umerudishwa. Kutokana na hayo tunafundishwa tangu darasa la chini la madrasa kumshukuru aliyetuhuisha baada ya kutufisha. Takemichi alihitaji kushikana mkono na mtu ili apate nafasi nyingine. Wewe umeipata leo asubuhi kabla hujanawa uso.

Itumie kwa mambo madogo yaliyo karibu. Uliyemtukana, mfuate kabla ya kengele ya kutoka. Ulichokichukua, kirudishe, na ukiona aibu mpe mwalimu akurudishie. Uliyemjibu mama yako, rudi ukambusu mkono. Somo lililokushinda, lifungue ukurasa wa kwanza. Kundi linalokuvuta pabaya, lihame kama yule bwana alivyouhama mji, hata kama umbali wenyewe ni kubadilisha njia ya kurudia nyumbani tu. Na katika Suratul Furqan Allah amewaahidi wenye kutubu, kuamini na kutenda mema kwamba atayabadilisha maovu yao kuwa mema. Tazameni ukarimu huo! Katuni ilichoweza ni kuyafuta maovu. Mola wetu anaahidi kuyageuza, na mja anabaki na alichojifunza.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu wapenzi, hadithi hii ina magenge, damu na mambo ambayo hayamfai mtoto mdogo. Kuidhibiti simu ni wajibu wenu, na hakuna atakayewalaumu. Lakini kwa kijana mkubwa ambaye ameshaiona, kumnyang'anya peke yake hakutoshi. Muulizeni: "Uliuonaje mwisho wake? Ulikuridhisha? Kwa nini?" Kisha msikilizeni mpaka amalize. Mtastaajabu jinsi kijana anayenyamaza kwenye swali la "ulikuwa wapi?" anavyofunguka akiulizwa swali hilo. Na akisema hakuridhika, mwambieni kwamba moyo wake umesema kweli, kisha msimulieni kisa cha yule aliyeua mia. Wengi wao hawajakisikia kikisimuliwa kwa utaratibu. Wamekisikia mbiombio katika mawaidha.

Ama nyinyi mlioupenda mwisho ule, sikuandika ili niwaondolee furaha yenu. Kutamani watu wote wawe hai na wakae meza moja ni tamaa njema, na kuna mahali itakapotimia: huko ambako Allah amesema katika Suratul Hijr kwamba ataondoa chuki vifuani mwa wachamungu, wakawa ndugu walioelekeana juu ya viti. Lakini huko hakufikiwi kwa kurudi nyuma. Kuna hesabu njiani, na kuna haki za watu za kurudisha kabla ya kuondoka.

Namuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe wenye kutubu tungali na nguvu za kutembea, awasamehe wazazi wetu na walimu wetu, na abariki wakati wetu. Yaliyo sawa yanatoka kwake, na yaliyo na kasoro yanatoka kwangu na kwa shetani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.